Miaka Sita Isiyokuwepo

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya paa la jirani, Mama alikuwa amekwisha tia makaa kwenye pasi. Mama alikuwa dobi. Chumba chao cha mbele kilikuwa na meza moja ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake. Juu ya meza ilipita kamba, na kwenye kamba zilining'inia mashati ya watu, yamenyooka kuliko wenyewe. Chumba cha nyuma ndimo walimolala wote watatu: Mama, Dada na Chiriku.

Chiriku lilikuwa jina la utani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alilipata kwa sababu alianza kuongea kabla ya kufumbua macho, akanyamaza baada ya kuyafumba. Kazi yake ya asubuhi ilikuwa kuzinyunyizia nguo maji, kuziviringisha ili unyevu uenee, kisha kumpa Mama moja moja. Mama naye alipenda kutega vitendawili akipiga pasi. Alisema mkono hauchoki mdomo ukiwa na shughuli.

"Kitendawili," Mama alisema asubuhi moja.

"Tega."

"Mnyama wangu anakula makaa, akipita shambani vilima vyote vinalala."

"Mama, mnyama mwenyewe si huyo umemshika mkononi?"

Mama akacheka, akasema siku hizi watoto hawapewi hata nafasi ya kushindwa.

Kazi ya pili ya Chiriku ilikuwa kuandika barua. Dada yake, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa amemaliza chuo cha ufundi na kupata cheti cha ushonaji na utengenezaji wa cherehani. Mikono ya Dada ilikuwa na akili sana. Ungempa cherehani iliyogoma, angeifungua, akaisafisha, akaitia mafuta, nayo ikaimba. Lakini mikono hiyo hiyo ukiipa kalamu ilipotea njia. Mama alisema mwandiko wa Dada ni kuku aliyepita kwenye majivu. Mwandiko wa Chiriku, huo mwalimu aliwahi kuubandika ukutani darasani ili wengine wauone.

Basi nyumba ile ikawa na utaratibu wake. Dada alipiga viatu brashi huku akitamka maneno, Chiriku akayaandika kwenye kona ya meza ya pasi, Dada akatia sahihi, barua ikaingia kwenye bahasha. Barua za kwanza Dada alizisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi. Zilipofika kumi na kitu, zote zikifanana kama mapacha, akaacha kuzisoma. Maneno yalikuwa yale yale: naomba kazi yoyote mtakayoona inafaa, nina cheti cha mwaka mmoja, niko tayari kuanza wakati wowote.

Majibu nayo yalikuwa yale yale. Mahali pengine mlinzi alimwambia nafasi zimejaa kabla hajamaliza kusalimia. Mahali pengine waliichukua bahasha, wakamwambia aache namba ya simu, watampigia. Namba aliyoiacha ilikuwa ya simu ya Mama, iliyolala mezani siku nzima kando ya pasi. Kila ilipolia, Dada alitoka mbio chumba cha nyuma, kumbe ni mteja anaulizia suruali yake. Ofisi moja ilimrudishia bahasha ikiwa bado imefungwa. Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Alisema afadhali wangeisoma kwanza, ndipo wakatae.

Miezi minne ikapita hivyo. Dada akawa hakai, hasimami. Alikunja nguo zilizokwisha kunjwa. Alimwaga vifaa vyake vyote kitandani, bisibisi, brashi, spana ndogo na kopo la mafuta, akavifuta, akavirudisha kwenye mfuko, kisha baada ya muda akavimwaga tena. Chiriku akiongea, aliambiwa anapiga kelele. Chiriku akinyamaza, aliulizwa ana nini. Siku moja waligombana juu ya kitana mpaka kikavunjika, na hakuna aliyekuwa akikihitaji. Jirani wa mlango wa pili naye hakuchoka kuuliza. Kila alasiri alitoa kichwa dirishani, akasema, "Vipi, wamekuita?" na kila alasiri Dada alijibu bado, akaingia ndani akiwa ameuma meno.

Yote hayo Chiriku aliyavumilia. Lililomshinda lilitokea shuleni. Darasani mwao kulikuwa na msichana aliyeitwa Pilipili, na hakuitwa hivyo kwa bahati mbaya. Siku hiyo wakati wa mapumziko Pilipili alimfuata, akampa mkono kama anayempongeza.

"Nasikia dada yako kapata kazi."

"Kazi gani?" Chiriku aliuliza.

"Kaajiriwa na barabara. Kila siku namwona kwenye zamu yake. Asubuhi anakwenda, jioni anarudi."

Wote waliokuwa karibu waliangua kicheko. Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu azaliwe, siku hiyo alilikosa. Alirudi nyumbani mbio, na maneno yale yakamfuata nyuma kama kopo lililofungwa mkiani mwa paka.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na barua ya kuandika. Karakana moja ya kushona sare za shule ilikuwa inatafuta fundi. Dada alipiga viatu brashi, akatamka maneno yake kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Alipofika kwenye cheti cha mwaka mmoja, kalamu ya Chiriku ikasita. Akawaza: mwaka mmoja ni nini? Ndiyo maana wanamfukuza. Mtu akiona mwaka mmoja hata bahasha hafungui. Basi badala ya hayo akaandika kwa mwandiko wake mzuri, herufi zimesimama kama askari, kwamba mwombaji ana uzoefu wa miaka sita katika kiwanda kikubwa cha nguo.

Dada alikuwa akihangaika na kamba ya kiatu iliyokatika. Alichukua kalamu, akatia sahihi chini, akaondoka.

Siku tatu baadaye simu ililia. Mama aliipokea akidhani ni mteja, kisha akaishusha taratibu, akamwita Dada. Ilikuwa karakana ya sare. Aje Alhamisi asubuhi.

Nyumba ikageuka. Dada alifua blauzi yake, Mama akaipiga pasi mara mbili, na jirani aliambiwa kabla hajauliza. Dada akaanza kuimba tena, jambo ambalo hawakulisikia kwa miezi. Chiriku peke yake ndiye hakutulia. Mara tatu alimfuata Dada akitaka kumweleza. Mara ya kwanza Dada alimshika mikono, akacheza naye chumba kizima. Mara ya pili Dada alimwambia akipata kazi atamnunulia kitana kipya, wasahau ugomvi. Mara ya tatu Chiriku alifungua mdomo, akauliza kama kuna maji ya kunywa. Akajiambia pengine hawatauliza. Watu wazima wana mambo mengi, nani anakumbuka mstari mmoja wa barua?

Alhamisi hiyo shuleni hakuelewa lolote. Alinakili hesabu za ubaoni, akaandika majibu ya maswali ambayo hayakuwepo. Mwalimu alimuuliza kama anaumwa, akasema hapana, kisha akasema ndiyo.

Aliporudi nyumbani alimkuta Dada ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu vyake, ameutazama ukuta. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Kwa vipande vipande Chiriku akajua yaliyotokea.

Msimamizi wa karakana alikuwa mama mmoja mnene, mwenye futi ya kupimia shingoni. Alimpokea Dada vizuri, akamkalisha mbele ya mashine, akamuuliza ile miaka sita aliifanya kiwanda gani. Dada akasema hajawahi kufanya kazi kiwandani. Msimamizi akaenda kuileta barua, akaisoma kwa sauti mbele ya mafundi wote. Akamuuliza ana umri gani. Dada akasema kumi na tisa. Watu wakahesabu vichwani. Ndipo fundi mmoja wa nyuma akasema basi huyu alianza kazi akiwa na miaka kumi na mitatu, labda alikuwa anajishonea sare yake mwenyewe. Karakana nzima ikacheka. Msimamizi hakucheka. Alimwambia Dada kwamba mtu anayemdanganya kwenye karatasi leo, kesho atamdanganya kwenye kitambaa, akamwonyesha mlango.

Dada aligeuka kutoka ukutani, akamtazama mdogo wake.

"Uliandika nini?"

Hapo ndipo mahali Chiriku angeweza kusimama. Lakini hofu ina miguu mirefu kuliko ukweli, ilimfika mdomoni kwanza.

"Niliandika ulichosema," alijibu.

Dada alibaki kumtazama. Kisha akajishika kichwa, akasema labda ni kweli. Labda alisema bila kujijua. Siku zile hakuwa akijua hata anachokitamka. Mama akakasirika. Alimwambia Dada kwamba umaskini hauna aibu ila uongo unayo, na kwamba hakuwalea kwa maji ya sabuni miaka yote hii ili waje kuchekwa kwa kudanganya. Dada hakujitetea. Alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa, kama mkosaji. Na Chiriku alisimama pale pale, akimsikia dada yake akikaripiwa kwa kosa lisilo lake.

Siku iliyofuata Dada hakuamka kujiandaa. Jumamosi vilevile. Mchana wa Jumamosi alitoka chumba cha nyuma na mfuko wake wa vifaa, akauweka mezani mbele ya Mama.

"Mpe mtu yeyote atakayeuhitaji," alisema. "Mimi sitoki tena. Nimechoka kukataliwa, na sasa hata mimi mwenyewe sijiamini."

Akarudi ndani. Mama aliusogeza mfuko pembeni ili usipate joto la pasi, akaendelea na shati lake, lakini alikuwa akilipiga pasi upande ule ule mmoja tu. Chiriku, aliyekuwa akinyunyiza maji, aliutazama mfuko ule. Alijua kila kilichomo. Alikuwa amemwona Dada akikusanya bisibisi zile moja moja, tangu chuoni. Akakata shauri. Akaweka bakuli la maji chini. Mama, bila kujua lolote, akajaribu kuleta uhai chumbani.

"Kitendawili."

Chiriku hakuitika.

"Nimesema kitendawili. Haya, najitegea mwenyewe. Nina mzigo, nikiuficha unanilemea, nikiuanika unakuwa mwepesi."

"Mama, ni mimi," Chiriku alisema, na machozi yakamtoka. "Miaka sita niliandika mimi. Dada hakusema. Yeye alisema mwaka mmoja."

Mama aliisimamisha pasi.

"Jibu lilikuwa nguo mbichi," alisema polepole. "Lakini endelea."

Chiriku akaendelea. Alieleza habari ya Pilipili na kazi ya barabara, na jinsi alivyodhani anasaidia, na jinsi alivyoogopa akaongeza uongo juu ya uongo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga wala hakumfokea. Alimwambia tu kwamba mwenye haki ya kuyasikia hayo yuko chumba cha nyuma, na yeye Mama pia ana neno lake la kumwomba radhi, kwa hiyo waende wote wawili.

Dada aliyasikia yote akiwa amelala chali, mkono juu ya macho. Chiriku alipomaliza, Dada aliondoa mkono machoni.

"Wewe unafikiri mimi sikutamani?" Dada alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kila mlango niliofungiwa nilitamani kuongeza mwaka. Mmoja tu, halafu miwili. Sikuongeza. Sikuwa na kazi, sikuwa na chochote, lakini nilikuwa naweza kusema kila kilichoandikwa pale ni changu. Hicho nacho ukaninyang'anya. Halafu ukaniacha nidhani nimekitupa mwenyewe."

Chiriku alisema nisamehe, Dada, na neno lenyewe likaonekana dogo. Mama naye akasema alimhukumu mwanawe kabla ya kuuliza, na kwamba hilo linamuuma. Dada aliinuka, akaenda kunawa uso. Alichukua muda mrefu kwenye ndoo. Aliporudi alisema hajasamehe bado, asiharakishwe, lakini Jumatatu jioni Chiriku akitoka shule atakwenda naye karakana, akaseme mwenyewe mbele ya yule msimamizi.

Jumatatu ikafika. Njia nzima Chiriku alikuwa akivuta ukosi wa sare yake na kujikwaa pasipo na jiwe. Karakana ilikuwa ukumbi mrefu wenye mashine safu mbili, na kelele zake zilikuwa kama mvua juu ya bati. Vipande vya kitambaa cha buluu vilitapakaa sakafuni. Mafundi walipomwona Dada wakaanza kutazamana. Msimamizi alikuwa akihesabu vifungo kwenye bakuli, hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mama," Dada alisema.

"Marahaba. Nilidhani tumeagana."

Dada alimsukuma Chiriku mbele kidogo. Chiriku aliyasema yote, tena kwa sauti, maana mashine zilikuwa zinalia na alilazimika. Alisema barua aliiandika yeye, na miaka sita aliitunga yeye, na dada yake alitia sahihi bila kuisoma. Fundi wa nyuma, yule wa utani, aliacha kukanyaga mashine yake ili asikie vizuri.

Msimamizi alimaliza kuhesabu vifungo. Akamwambia Chiriku kwamba kuna watu wazima humu ndani ambao wakivunja sindano huificha mfukoni, hivyo yeye kuja mwenyewe ni jambo. Kisha akamgeukia Dada, akasema kosa la mtoto amelisikia, lakini anayetia sahihi karatasi asiyoisoma naye ana lake. Dada akakubali. Nafasi yenyewe, msimamizi akaongeza, ilikwisha pata mtu tangu Ijumaa, na hamtoi mtu kazini ili kumfurahisha mwingine.

Dada alishukuru, akageuka kuondoka. Ndipo msimamizi akamwita. Alikuwa ameitoa ile barua kwenye droo.

"Njoo, binti. Hebu tuitoe ile miaka sita. Sasa barua imebaki na nini?" Akasoma kwa kidole. "Naomba kazi yoyote. Kazi yoyote ndiyo kazi gani? Mimi hapa nina kazi ya kukata, kazi ya kushona, kazi ya kutia vifungo. Ya kazi yoyote sina kiti chake. Wewe unajua kufanya nini?"

Dada alisita. Akasema anajua kushona, ila kwa kweli mkono wake uko kwenye kutengeneza. Cherehani za majirani zote anazitengeneza yeye. Kuna moja ilikuwa imelala miaka miwili, wenyewe wameiwekea redio juu yake, akaifufua.

"Hayo mbona hayamo?"

"Niliona ni madogo, mama. Si kazi ya kiwandani."

Msimamizi akamrudishia barua. Alisema yeye fundi wa mashine anaye, hahitaji wa pili, lakini wako wanaohitaji. Aandike hivyo hivyo alivyosema, na majina ya watu wanaoweza kuulizwa. Na aandike kwa mkono wake mwenyewe, hata ukiwa mbaya.

Nje, mbele ya lango, Dada alisimama akacheka peke yake. Chiriku alidhani amechanganyikiwa. Dada akamwambia kwamba leo amekataliwa tena, lakini ni mara ya kwanza ameambiwa kwa nini, na kumbe hilo nalo mtu anaweza kurudi nalo nyumbani.

Usiku ule hapakuwa na sherehe, wala wiki iliyofuata. Usidhani mambo yaligeuka kama chapati. Dada aliandika barua mpya yeye mwenyewe, akatumia jioni mbili, akaharibu karatasi nne. Aliandika cherehani saba alizozitengeneza, kila moja ilikuwa na ugonjwa gani na yeye alifanya nini. Sehemu ya kwanza walimkataa. Ya pili walimwambia wanataka mwanamume, na siku hiyo aliupiga teke mlango wa chumba cha nyuma mpaka bawaba ikalegea, ikambidi aitengeneze. Mama alimwekea sheria. Siku ya kukataliwa mtu anarudi nyumbani, anakula kwanza, kisha anasema kwa sauti alichoambiwa, neno kwa neno, bila kuongeza na bila kupunguza. Kama ni la kulia, analia. Kama lina funzo ndani yake, analiokota. Kesho yake anapumzika na kukunja nguo. Kesho kutwa anatoka.

"Na kama halina funzo?" Dada aliuliza siku ile ya mlango.

"Basi ni takataka. Nani anaweka takataka chini ya mto akalalia?"

Sehemu ya tatu ilikuwa duka la mzee mmoja aliyeuza na kutengeneza cherehani, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alisoma barua ya Dada akiwa ameisogeza karibu na pua, akalalamika mwandiko gani huu, akasoma mpaka mwisho. Hakuuliza cheti. Alimwonyesha cherehani mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kukanyaga, inaruka mishono. Dada aliitazama, akazungusha gurudumu kwa mkono, akainama. Hakufungua skrubu hata moja. Aliichomoa sindano, maana ilikuwa imegeuzwa nyuma mbele, akaitia sawasawa. Mashine ikashona.

Ya pili ilikuwa ya umeme, mpya, ina vitufe vingi. Dada aliizunguka. Alitamani sana kuishika. Kazi ilikuwa mbele yake, imebaki hatua moja.

"Hii sijawahi kuifungua, mzee," alisema. "Nikikuambia naijua nitakuharibia. Nikifundishwa nitaijua."

Mzee alivua miwani. Alisema wawili waliotangulia walisema wanaijua. Waliifungua wote wawili, na skrubu ya mmoja mpaka leo wanaitafuta sakafuni. Akamwambia Dada aanze Jumatatu, kwa mwezi mmoja wa majaribio.

Jioni ya Jumatatu hiyo Dada alirudi mikono imejaa mafuta, amechoka, ana njaa, anaongea kuliko Chiriku. Alieleza habari ya mzee anayezungumza na mashine kama wagonjwa, na habari ya vitufe vile, ambavyo sasa amejua vitatu. Kisha akakaa mlangoni na kipande cha sabuni, akaanza kusugua kucha. Chiriku alisogea akamshikia bakuli la maji, na Dada hakumfukuza. Alimsukuma kwa bega, kama zamani.

Lakini Chiriku hakuwa mtu wa kutulia. Alimtazama Mama, akauliza kwa sauti ya chini, "Na mwezi ukiisha, mzee akimkataa je?"

Mama aliikunja suruali ya mwisho, akaipapasa mshono.

"Akimkataa atarudi hapa, atakula, ataniambia alichoambiwa, na tutaamka. Kukataliwa kunauma, mwanangu, sitakudanganya. Lakini hakumpunguzii mtu anachokijua. Uongo wako ulimwingiza dada yako mlangoni asubuhi, ukamtoa asubuhi ile ile, na ukamfanya asijiamini mwenyewe. Huko dukani kwa mzee kaingia na kilicho chake. Hata wakimtoa kesho, atatoka nacho."

"Nimesikia," Dada alisema kutoka mlangoni, bila kugeuka. "Ila mwezi wenyewe ndio kwanza siku moja. Niacheni ninawe mikono, tule."